Kulika na Kuchoka: Wakati wa Kubadili Pistoni katika Pikipiki ya Mapigo Mawili

Katika usemi wa mafundi wa Afrika Mashariki mitambo hupatwa na mambo yale yale yampatayo mwanadamu. Injini hukohoa, betri hufa, na pistoni iliyofanya kazi siku nyingi husemwa kuwa imelika au imechoka. Watu wengi huyatumia maneno haya mawili ya mwisho kana kwamba maana yake ni moja. Lakini katika chombo ambacho pistoni yake huishi maisha mafupi na magumu, maneno hayo hutaja mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, na kila moja lina kipimo chake. Anayeyachanganya huangukia katika mojawapo ya hasara mbili: ama atatupa pistoni iliyo nzima, ama ataendelea kuendesha pistoni ambayo siku yake imekwisha ingawa kwa macho bado yaonekana mpya.

Chombo chenyewe ni pikipiki ya nje ya barabara yenye injini ya mapigo mawili, itumikayo katika mbio za motokrosi au katika safari za porini na milimani. Haifai kuichanganya na pikipiki za bodaboda zilizoenea leo mijini na vijijini. Hizo karibu zote ni za mapigo manne, na pistoni zake huweza kudumu miaka mingi. Mfano utakaorejewa hapa ni Yamaha YZ125, pikipiki ya mbio ambayo silinda yake ina kipenyo cha milimita 54, na mwendo wa pistoni wa milimita 54.5. Ndugu yake mkubwa, YZ250, ana kipenyo cha milimita 66.4 na mwendo wa milimita 72.

Pistoni na kazi zake

Injini ya mapigo mawili ina umri wa zaidi ya karne moja. Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, aliitengeneza mnamo mwaka 1891 kwa namna ambayo chumba cha krenki, kilicho chini ya silinda, kilifanywa kuwa pampu. Katika mbio za udongoni, hata hivyo, injini ya mapigo manne ilishika ukuu kwa muda mrefu. Mwaka 1964 na mwaka 1965 Jeff Smith alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 500 kwa pikipiki ya BSA ya mapigo manne. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki aliutwaa ubingwa huo kwa ČZ ya mapigo mawili, na tangu hapo injini nyepesi ikatawala viwanja kwa miongo mitatu. Baada ya Yamaha kuitoa YZ400F mwaka 1998, mapigo manne yalirudi kwa nguvu, na Honda iliacha kuzitengeneza pikipiki zake za mbio za mapigo mawili baada ya zile za mwaka 2007. Lakini Yamaha na KTM zinaendelea kutengeneza zao, na wapenzi wake hawajapungua.

Wepesi ulioishindia injini hii mbio ndio huo huo uifupishao maisha ya pistoni yake. Katika injini ya mapigo manne kazi ya kuingiza na kutoa hewa hufanywa na vali, nayo pistoni hupumzika kidogo, kwa kuwa mlipuko huja mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Katika injini ya mapigo mawili hakuna vali za namna hiyo. Ukuta wa silinda umetobolewa milango, na pistoni yenyewe ndiyo ifungayo na kufungua milango hiyo kwa kupanda na kushuka. Ipandapo, hugandamiza mchanganyiko ulio juu yake, na wakati huo huo huvuta mchanganyiko mpya uingie katika chumba cha krenki. Ishukapo, hufungua kwanza mlango wa ekzosi, kisha milango ya kupitishia mchanganyiko mpya kutoka chini kwenda juu. Hivyo pistoni ni msukumwaji, ni pampu, na tena ni bawabu. Na mlipuko huja katika kila mzunguko mmoja bila kukosa.

Zaidi ya hayo, injini hii haina hodhi la oili chini yake. Oili huchanganywa na petroli, sehemu moja ya oili kwa sehemu 30 hadi 60 za petroli, kwa kadiri mtengenezaji alivyoagiza, na pistoni hulainishwa na kile kidogo kipitacho pamoja na mafuta. Kadhalika, sketi ya pistoni, yaani sehemu yake ya chini iteremkayo kama vazi, husugua ukuta wenye matundu, wala si ukuta laini mtupu. Kila mara ringi zipitapo mlangoni, hujaribu kuchungulia nje na kurudishwa ndani na ukingo wa mlango.

Hesabu kidogo yatosha kuuonyesha uzito wa kazi hiyo. YZ125 izungukapo mara 11,000 kwa dakika, pistoni yake huenda kwa wastani wa mita 20 kila sekunde, nayo husimama kabisa na kugeuka mara 22,000 katika dakika hiyo moja. Nguvu iigeuzayo ikiwa juu kabisa hupita uzito wake wenyewe mara 4,000. Hakuna ajabu, basi, kwamba pistoni ya pikipiki ya namna hii huhesabiwa pamoja na matairi na minyororo, vitu ambavyo mwenye chombo hununua akijua kwamba atavinunua tena.

Kulika

Kulika ni kupungua kwa mwili wa kitu kwa kusuguliwa. Kisu hulika kwa kunolewa, kiatu hulika kisigino, na jiwe la kusagia hulika kadiri miaka ipitavyo. Sifa kubwa ya kulika ni kwamba kilichoondoka hakirudi. Na kwa kuwa sehemu iliyobaki ipo, kiasi cha kilichoondoka chaweza kupimwa.

Kati ya pistoni na ukuta wa silinda hapana budi iwepo nafasi, kwa sababu alumini hutanuka ipatapo joto. Katika injini mpya za aina hii nafasi hiyo huwa kama milimita 0.04 hadi 0.07, yaani isiyozidi unene wa unywele mmoja. Hutofautiana kwa ukubwa wa silinda na kwa namna pistoni ilivyotengenezwa. Pistoni ya kusubu, iliyomiminwa katika kalibu, hutanuka kidogo na huhitaji nafasi ndogo. Pistoni ya kufua, iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, ni ngumu kuvunjika, lakini hutanuka zaidi na hutaka nafasi kubwa zaidi. Vitabu vingi vya watengenezaji huweka mpaka wa kulika karibu na milimita 0.10. Ikipita hapo, pistoni huanza kuyumba ndani ya silinda, ikiupiga ukuta kwa sketi yake kila igeukapo.

Kipimo hiki hakifanywi kwa jicho wala kwa kidole. Pistoni hupimwa kwa maikromita, kukatiza uelekeo wa pini yake, mahali palipotajwa na kitabu juu kidogo ya ukingo wa chini wa sketi. Silinda nayo hupimwa kwa kipimo cha kipenyo cha ndani, juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili, ili ijulikane kama imekuwa na umbo la yai au imepanuka upande mmoja. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi inayotafutwa. Anayeipima pistoni peke yake na kuiacha silinda amepima nusu ya jambo.

Ringi hupimwa kwa njia nyepesi zaidi, nayo ina siri ya hesabu yenye faida. Ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda, husukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha uwazi ulio kati ya ncha zake mbili hupimwa kwa bapa nyembamba za kupimia nafasi. Ringi ikilika kwa nje, hulazimika kujitanua ili iendelee kuugusa ukuta, na ncha zake huachana. Kwa kuwa mzingo wa duara ni zaidi ya mara sita ya nusu ya kipenyo chake, kulika kwa milimita 0.05 tu katika uso wa ringi hufungua uwazi wa ncha kwa milimita 0.31 hivi. Hivyo uwazi wa ncha ni kama kioo cha kukuzia: huonyesha kulika mara sita zaidi ya kulivyo. Ndiyo sababu fundi asiye na maikromita, lakini mwenye bapa za senti chache, bado aweza kujua mengi.

Mahali pengine pa kuangaliwa ni mifereji ikaliapo ringi, ambayo ikilegea huziacha ringi zichezecheze, na tundu la pini, ambalo likilegea hutoa mlio wa kugongagonga. Ringi huchoka kabla ya pistoni kulika, na wengi hubadili ringi peke yake mara moja kabla ya kubadili pistoni nzima. Jambo hilo si baya, mradi vipimo vya pistoni viwe bado ndani ya mpaka, na mradi lile la pili, litakaloelezwa mbele, lisisahauliwe.

Nini kilichoila?

Hapa sarufi yenyewe yatoa somo. Kitenzi kulika kina kiambishi cha kutendeka, na kiambishi hicho humficha mtenda. Asemaye kwamba pistoni imelika ameeleza hali yake tu, kana kwamba imejilia yenyewe. Lakini akisema kwamba pistoni imeliwa, msikilizaji atauliza mara moja: imeliwa na nini? Swali hilo ni la lazima, kwa sababu mla pistoni asipotambuliwa atakula na ile mpya pia. Na kwa bahati njema, kila mlaji huacha alama zake.

Mlaji wa kwanza ni vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko alumini, nazo zikipenya chujio la hewa huingia katika oili kidogo iliyopo na kuifanya msasa. Alama zake ni mikwaruzo myembamba iliyosimama wima, na sketi iliyopoteza mng'ao wake na kuwa ya kijivu, hasa upande wa kuingizia mafuta. Pistoni ya namna hiyo haifai kubadilishwa kabla chujio halijafuliwa, kupakwa oili yake na kukazwa barabara, na mpira uunganishao kabureta kutazamwa kama una ufa.

Mlaji wa pili ni joto pamoja na ukavu. Alumini iliyotanuka kupita nafasi yake hujipaka ukutani na kuacha michirizo mipana. Michirizo ikiwa mahali pane kuizunguka pistoni, kwa kawaida mwendeshaji aliikaza injini kabla haijapata moto vizuri, pistoni ikatanuka upesi huku silinda ikiwa bado baridi. Ikiwa upande wa ekzosi zaidi, huenda mchanganyiko ulikuwa na petroli kidogo na hewa nyingi, labda kwa sababu sili ya krenki inavuja. Upande wa chini wa kichwa cha pistoni nao husema: rangi ya hudhurungi ni dalili ya joto la kawaida, bali gamba jeusi la oili iliyoungua ni onyo.

Mlaji wa tatu ni mlipuko usio wa wakati wake, utokao kwa petroli duni au kwa moto wa plagi kuja mapema mno. Huo huacha vishimo vidogo vingi ukingoni mwa kichwa cha pistoni, kana kwamba pamedonolewa na ndege. Tena yafaa kutazamwa chini ya ringi: ukionekana weusi au hudhurungi ulioteremka kwenye sketi, ni gesi za moto zilizopita mahali ambapo ringi zilipaswa kuzizuia.

Kuchoka

Pistoni iliyopimwa na kuonekana haijalika yaweza kuwa karibu na kuvunjika. Hapa ndipo neno la pili lina kazi yake. Kuchoka hakuondoi kitu. Aliyechoka jioni ana uzito ule ule aliokuwa nao asubuhi, lakini nguvu zake si zile. Na hivi ndivyo metali ilivyo: ikikunjwa na kunyoshwa mamilioni ya mara, hata kwa nguvu ndogo isiyoweza kuivunja kwa mara moja, nyufa ndogo sana huanza ndani yake na kukua kidogo kidogo bila kuonekana.

Jambo hili lilichunguzwa na Mjerumani August Wöhler katika karne ya 19, alipotafuta sababu ya ekseli za treni kukatika zikiwa hazina kasoro ya kuonekana. Liliwashtua watu wengi zaidi mwaka 1954, wakati ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilipovunjika angani na kuanguka katika Bahari ya Mediterania. Uchunguzi ulionyesha kwamba ngozi ya alumini ya ndege hizo ilikuwa imechoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa mara kwa mara. Somo lililobaki ni kwamba alumini ina tofauti moja na chuma. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake chaweza kustahimili karibu bila kikomo. Alumini haina mpaka dhahiri wa namna hiyo. Kila mkunjo unahesabiwa, na deni lake halifutwi.

Pistoni ni alumini iliyochanganywa na silikoni, na mikunjo yake huja kwa haraka isiyo na kifani. Injini ikizunguka kwa wastani wa mara 8,000 kwa dakika, katika saa moja pistoni imepata milipuko 480,000. Katika saa 20 imepata 9,600,000. Hapana maikromita iwezayo kuihesabu idadi hiyo. Huhesabiwa kwa saa tu. Kwa sababu hiyo waendeshaji wa pikipiki hizi hufunga kisaa kidogo chenye waya uzungushwao katika waya wa plagi, ambacho huhesabu muda wote injini iwakapo. Asiye nacho huandika katika daftari muda wa kila safari, na hiyo nayo ni hesabu njema.

Ni saa ngapi basi? Jibu la kwanza ni lile la kitabu cha mtengenezaji. Zaidi ya hapo, desturi ya mafundi wa mbio yaweza kuelezwa hivi. Pikipiki ya 125 inayoshindaniwa na mwendeshaji mwenye kasi hubadilishwa pistoni baada ya saa 10 hadi 20. Ya 250 katika mbio, baada ya saa 20 hadi 40. Ya 250 au 300 inayoendeshwa porini kwa utaratibu yaweza kufika saa 60, hata 100. Sababu ya tofauti hizi ni kwamba saa zote si sawa. Injini ndogo hutoa nguvu kwa kuzunguka sana, na hivyo saa yake moja ina mikunjo mingi. Injini kubwa hutambaa kwa mizunguko michache na kuifanya kazi ile ile. Mchanga mzito huikaza injini kuliko ardhi ngumu, na mwanafunzi hufungua mafuta mara chache kuliko bingwa. Pistoni ya kusubu ikichoka huvunjika kwa ghafula. Ya kufua huvumilia zaidi, lakini nayo huchoka.

Sehemu zinazoanza kuchoka ni sketi ya upande wa kuingizia mafuta, hasa penye madirisha yaliyokatwa, na mahali paizungukapo pini. Kila pistoni itolewapo yafaa ioshwe vizuri na kutazamwa hapo kwa kioo cha kukuzia. Usemi wa wahenga kuhusu ufa na ukuta unafahamika na kila mtu, na hapa hauna haja ya kufasiriwa: ufa wa urefu wa punje ya mchele watosha kuitupa pistoni, hata kama vipimo vyake vyote ni vizuri. Usipotupwa, kipande cha sketi humeguka na kuanguka katika chumba cha krenki. Huko hukutana na krenki na konrodi zikiwa kasini. Injini hukwama mara moja, na gurudumu la nyuma hukwama pamoja nayo, isipokuwa mwendeshaji amewahi kukamata klachi. Katika motokrosi yaweza kumkuta akiwa hewani, au akiingia konani kwa kasi pamoja na wenzake nyuma yake. Gharama ya krenki na silinda ni kubwa kuliko ya pistoni mara nyingi. Gharama ya mfupa wa bega haihesabiki.

Dalili na udanganyifu wake

Waendeshaji wengi hungoja dalili. Injini huwa ngumu kuwaka, kiki huwa nyepesi mguuni, nguvu za chini hupungua, na asubuhi injini ikiwa baridi husikika mlio mkavu wa sketi ikigonga ukuta. Dalili hizi ni za kweli na hazifai kudharauliwa. Udhaifu wake ni kwamba huja polepole, na mwendeshaji huzoea upungufu wa kila siku bila kujua, mpaka apande pikipiki ya mwenzake ndipo ashangae.

Afadhali kuliko sikio ni kipimo cha mgandamizo. Plagi hufunguliwa, kipimo hukazwa mahali pake, mkono wa mafuta hufunguliwa kabisa, na kiki hupigwa mara kadhaa mpaka mshale usipande tena. Namba ipatikanayo haina maana kubwa ikilinganishwa na namba za pikipiki nyingine, wala za kipimo kingine. Maana yake hutokana na kulinganishwa na ile iliyoandikwa pistoni ilipokuwa mpya, kwa kipimo kile kile, injini ikiwa na joto lile lile. Ikishuka kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, wakati wa kufungua umefika. Lakini yafaa isisitizwe kwamba mgandamizo hueleza habari za ringi na za kulika tu. Pistoni yenye ufa katika sketi yaweza kutoa mgandamizo mzuri hadi mpigo wake wa mwisho.

Kubadili kwenyewe

Uamuzi wa kubadili ukisha kufanywa, swali la kwanza ni hali ya silinda. Pikipiki za mbio za siku hizi zina silinda za alumini zilizopakwa nikeli iliyochanganywa na kabidi ya silikoni. Mpako wa namna hiyo ulianzishwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwaka 1967 kwa jina la Nikasil. Mpako huo ni mgumu sana na hudumu kuzishinda pistoni kadhaa, lakini ni mwembamba. Silinda haichongwi ili kupanuliwa. Ukikwaruzika kwa kina au kubanduka, hupakwa upya kiwandani. Silinda hizo hupewa herufi au namba ya ukubwa, na pistoni huchaguliwa kuifuata. Kwa upande mwingine, pikipiki za zamani kama Yamaha DT125, zilizowahi kuwabeba watumishi wengi wa vijijini barani Afrika, zina ukuta wa chuma ndani ya silinda. Huo huchongwa, kisha hutiwa pistoni kubwa kwa milimita 0.25 au 0.50. Fundi aliyezoea za namna hiyo asizichonge zile za kwanza.

Pistoni mpya haiwekwi pamoja na vitu vya zamani. Ringi, pini, beringi yake ndogo ya sindano na gasketi huwa mpya. Klipu mbili zishikazo pini hazitumiwi mara ya pili kamwe, kwa kuwa klipu iliyokunjwa ikatolewa imekwisha kuchoka. Kabla ya kutoa za zamani, mdomo wa chumba cha krenki huzibwa kwa kitambaa safi ili klipu isidondoke humo. Mshale ulio juu ya pistoni huelekezwa upande wa ekzosi. Ncha za ringi hukalishwa penye vijiti vyake vidogo ndani ya mfereji, kwa maana vijiti hivyo ndivyo vizuiavyo ncha zisizunguke na kunaswa na mlango. Kisha injini huwashwa na kuachwa ipate moto, huzimwa ikapoa, na hurudiwa hivyo mara mbili tatu kabla ya kukazwa. Saa ya pistoni mpya huandikwa daftarini siku hiyo hiyo, pamoja na vipimo vyake na namba ya mgandamizo wake. Bila mwanzo huo hakuna kitakacholinganishwa baadaye.

Kanuni yenyewe, basi, yaweza kutajwa kwa maneno machache. Pistoni hubadilishwa ifikapo mpaka wa kulika au mpaka wa kuchoka, na hufuatwa ule utanguliao. Kulika huulizwa kwa maikromita na bapa. Kuchoka huulizwa kwa saa na kwa kioo cha kukuzia. Na kipimo cha mmoja hakiwezi kumjibia mwenzake. Fundi anayesema pistoni imelika na aonyeshe kwa kiasi gani na kwa sababu ya nini, na anayesema imechoka na aonyeshe saa zake. Lugha ilikwisha kuyatenga mambo hayo mawili zamani, kabla ya pikipiki ya kwanza kuteremshwa pwani. Kinachobaki ni kwa watumiaji wake kuyatumia maneno hayo kwa usahihi, kabla injini haijatamka la tatu, yaani kufa.